Losheni ya Rabson

Jumatatu, 7 Oktoba
Wazo limenijia nikitazama foleni ya malori hapa Tunduma. Kila dereva, mkono wa kulia, ule wa dirishani, umeungua kuliko wa kushoto. Mamia ya mikono! Anayetengeneza losheni ya kukinga jua ni dada Conjesta wa Vwawa peke yake. Yeye kasomea kemia. Mimi nimesomea ushonaji, lakini losheni si suti.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimekwenda Vwawa kupeleleza, nikajifanya mteja. Hakukuwa na cha kupeleleza, maana alinionyesha kila kitu mwenyewe. Koti jeupe, glavu, nywele kafunika. Unga wa zinki anaupima kwa mizani inayohisi hata punje ya mchele. Maji na mafuta anavipasha moto kila kimoja peke yake, kisha anavikoroga mpaka vinashikana kama maziwa mazito. Nilisahau kuwa ni mpinzani wangu. Nilisimama kimya kama niko kanisani. Akasema kila mchanganyiko lazima upimwe maabara kama kweli unazuia jua, na wake wa kwanza ulikataliwa mara nne. Nilimhurumia. Mimi sina muda huo.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimetengeneza. Mafuta ya alizeti (alizeti inashinda juani na haiungui), nta ya nyuki, na poda ya mtoto kwa ajili ya weupe. Nimepima kwa kijiko cha chai. Mke wangu Ikupa ameuliza sufuria yake ya ugali imekosa nini. Makopo kumi na moja! La kwanza nimempa jirani yetu Fides, mwenye ualbino, ambaye kesho anakwenda Igamba kuandaa shamba la mahindi. Mtaani hakuna anayezijua losheni kama yeye. Akiisifia, nimemaliza kazi. Ameinusa, ameshukuru, ametia mkobani.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimejipaka nusu ya uso, upande wa kushoto, nikakaa kando ya foleni toka saa nne hadi saa nane. Upande wa kulia umeiva. Upande wa kushoto umeiva vilevile, tena unang'aa na vumbi limeganda. Dereva mmoja Mzambia ameniuliza kama nililalia chapati. Nilikuwa nacheka naye, mara nikamkumbuka Fides. Yuko juani toka asubuhi. Simu haipatikani.
Bodaboda mpaka Igamba, uso unawaka, naomba Mungu njia nzima. Nimemkuta kivulini, kofia pana, mikono mirefu, mzima kabisa. Nikamsihi asipake. Alinitazama uso pande zote mbili, wala hakucheka.
"Kaka Rabson," alisema, "ngozi yangu simpi mtu ajifunzie. Kopo lako nilimwachia Conjesta nilipopita Vwawa."
Nilikaa chini, juu ya tuta.

Ijumaa, 11 Oktoba
Conjesta kaniita. Nilitegemea kukuta polisi. Nimekuta kopo langu mezani. Kasema ndani yake hakuna kitu cha kuzuia jua hata kidogo. Kama Fides angeitegemea losheni ile, angeungua vibaya, na kuungua kwa namna hiyo, mara kwa mara, ndiko kunakomletea mtu kama yeye saratani ya ngozi. Hakupaza sauti. Kisha akanisogezea mizani, akaniambia nipime gramu mbili kamili. Nimepata mara ya tisa. Akasema nikitaka kujifunza nije Jumatatu, nianze kwa kuosha vyombo, miezi mitatu. Mtu wa namna hii sijawahi kumwona. Nimerudi nyumbani, nimemwaga makopo kumi yote chooni.

Jumapili, 13 Oktoba
Kanisani nimewashukuru Conjesta na Fides mbele za Mungu, kwa majina. Wanawake wa ajabu. Wamenifundisha kwamba kupima ndiyo kila kitu.
Kesho Vwawa sitaweza kwenda. Wakati wa mahubiri niliwaona wazee wa benchi la mbele wakisoma Biblia huku wameishika mbali, mikono imenyooka. Miwani! Ni vioo viwili tu na waya. Na safari hii nimepima kwanza: nje ya kanisa nimemwonyesha mzee Yesaya vidole vitatu, akasema vinne. Kesho nakata vioo.