Injini ya Mama Nafula na Maji Yasiyo ya Kijani

Leo nimejifedhehesha mbele ya mwalo mzima, hapa boti zinapotia nanga, tena kwa spika ya simu. Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Wanaonijua wanajua mimi ni fundi wa injini hapa Lumino, na kwamba sijidharau. Miaka sita nilikuwa chini ya Mzee Owor kule Tororo, mwenye mashine ya kusawazisha silinda hedi, kile kichwa cha injini. Mwaka huu nikafungua gereji yangu. Kazi kubwa ya kwanza ni injini ya Mama Nafula, dizeli ya zamani ya lori inayosukuma boti yake ya mizigo. Niliishusha yote. Pistoni mpya, ringi mpya, gasketi mpya. Hedi peke yake ndiyo niliyoipeleka kwa Mzee aisawazishe. Mama Nafula ana boti ya pili, na maneno yake yalikuwa wazi: hii ikitembea, ile nayo ni yako. Isipotembea, kila mtu ashike njia yake.

Jana tuliifunga kwenye boti, ikaombewa kama boti zote za hapa zinavyoombewa, halafu tukaizungusha ziwani saa nzima. Ilinguruma vizuri hadi nikajiona nimekuwa mtu. (Video ya maombi niliiweka status. Mkumbuke hilo.)

Leo saa moja asubuhi, simu.

"Fundi, kuja mwalo sasa hivi," Mama Nafula akasema. "Oili yangu nageuka chai ya maziwa."

Nikafika, nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Chai ya maziwa kweli, tena iliyokolea. Kila fundi anajua maana yake: maji yameingia kwenye oili. Na maji ya injini yanakaa wapi? Kwenye rejeta na njia zake, upande wa pili wa gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya hedi na injini. Basi gasketi inapitisha. Lakini gasketi mpya niliyoifunga mimi haiwezi kupitisha (haiwezi, nawaambia) isipokuwa hedi yenyewe imepinda. Na hedi alisawazisha nani?

Sikuhitaji hata kuvua koti. Nikawageukia wanawake waliokuwa wanaanika dagaa, nikaazima sufuria na kifuniko chake, nikawapa somo zima la hedi iliyopinda. Mmoja akauliza, "Sasa nani naharibu?" Nikamwambia tutamsikia mwenyewe.

Nikampigia Mzee Owor. Nikaweka spika. (Hakuna aliyeniomba niweke spika.)

"Mzee, hedi yako imepinda. Maji na oili vimechanganyika. Umezeeka, hiyo mashine waachie wengine."

Mzee akauliza, "Rejeta imepunguka maji?"

"Sijaangalia, lakini Mzee..."

"Usifungua bolti hata moja. Mimi nakuja."

Mama Nafula akanitazama. "Huyo si ndiye alikufundisha?" Nikamjibu ndiyo, lakini kazi ni kazi. Wakati huo nilikuwa mkubwa kuliko gereji yangu.

Mzee alifika kwa bodaboda, amebeba pampu ya baiskeli na kifuniko cha rejeta alichokitoboa na kukiwekea valvu na geji ya presha. Nilitegemea matusi, ningeyajibu. Badala yake akanisalimia vizuri, akaulizia watoto.

Akafungua rejeta. Imejaa hadi shingoni, maji ya kijani, hakuna hata tone la oili juu yake. Akafunga kile kifuniko chake, akajaza upepo kwa pampu, akakaa juu ya kreti ya soda. Sote tukautazama mshale wa geji. Dakika kumi. Dakika ishirini. Mshale haukushuka; upepo haukuvuja popote.

"Gasketi yako ni mzima," akasema. "Na hedi yangu."

Nikasema labda inavuja ikiwa moto tu. (Hilo hutokea, si uongo.) Mzee hakubisha. Akainama, akalegeza taratibu nati ya kumwagia oili, akakinga kikombe. Kabla ya ile chai kutoka, yalitangulia maji, meupe kama ya kunywa. Akainua kikombe kila mtu aone.

"Maji ya rejeta ni rangi gani?"

"Kijani."

"Na hii?"

Nikakichungulia kikombe: meupe.

"Basi haikutoka kwa rejeta. Iliingia juu, pale unaweka oili." Akafuta mikono, akatoa simu. "Jana nilitazama status yako, mwanangu. Mara mbili. Nilifurahi sana."

Simu ikapita mkono kwa mkono. Kwenye video Mchungaji anaomba, ameshika jagi la maji ya baraka. Ananyunyizia ubavu wa boti, ananyunyizia usukani. Halafu linatokea shati langu jekundu. Nafungua kifuniko cha oili kwa mikono yangu mwenyewe, naonyesha kwa kidole, na sauti yangu inasikika vizuri sana: "Hapa, Mchungaji. Ndani kabisa, hapa ndipo moyo wake." Na Mchungaji, mtu msikivu, anamimina jagi lote.

Naye alikuwepo leo, amekuja kuona boti aliyoiombea. "Mimi nilimwaga pale fundi alinionyesha," akasema polepole.

Wanawake walicheka hadi kuku wakala dagaa bila kufukuzwa. Mama Nafula hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Niliiona boti ya pili ikiniaga.

"Fundi," akasema, "piga simu ingine."

"Kwa nani?"

"Kwa huyu Mzee. Na weka spika."

"Mama, si huyu hapa amesimama?"

"Weka spika."

Nikapiga. Mzee, hatua mbili kutoka nilipo, akaiacha ilie kwanza, kisha akapokea, naye akaweka spika. "Halo, nani mwenzangu?" Nikaomba msamaha wote, wa hedi na wa uzee, na kila neno lilisikika mara mbili.

Tulimwaga oili, tukasafisha mara mbili, tukaweka mpya. Hadi saa tisa imebaki na rangi ya asali na injini inanguruma. Mzee ndiye aliyemwambia Mama Nafula kazi yangu ni safi, kwa hiyo boti ya pili nimepewa. Itaombewa kama kawaida. Siku hiyo mtanikuta nimekalia kifuniko cha oili, na siondoki hadi amina.