Jinsi Pyo Man-sik Alivyoziangamiza Nyuso za Kale

Tegeni masikio, enyi mliowahi kufuta jambo mkadhani limefutika, mpokee habari za Pyo Man-sik, simba wa vyuma chakavu wa Incheon, mvunja kompyuta, bwana wa sumaku, ambaye asubuhi moja aliisimamia heshima ya nyuso za wakubwa isianguke.

Siku hiyo uani kwa Pyo alishuka Daktari Gwak, mrekebisha sura mashuhuri wa Seoul, na kreti ya diski kuukuu za kliniki yake. Humo zililala picha za wateja kabla ya kisu: pua za mawaziri, taya za waigizaji, kope za mabibi harusi.

"Bosi Pyo," akanena, "nataka zife mbele ya macho yangu. Picha moja ikifika sokoni, nimekwisha. Na mchana nina mgonjwa."

Pyo akatuna kifua kama jemadari. "Daktari, wengine hufuta kwa programu, diski moja inashinda kutwa. Kwangu mimi ni sumaku tu. Inaingia, mashine inanguruma, imekufa."

Basi mashine ikanguruma, na diski zikaingia zimejaa siri zikatoka makapi matupu, hadi ya mwisho, nyembamba kama biskuti. Pyo akaipitisha nayo, akaiinua juu. "Marehemu."

Mkewe, Ok Chun-ja, mwenye ulimi mkali kuliko patasi, ndiye aliyekuwa akizikagua maiti kwenye kompyuta. Akaichomeka.

"Baba Se-rin, marehemu wako anapumua."

Kiooni ikachomoza sura ya kijana asiye na kidevu, pua imelala kama iliyochoka safari. Chun-ja akaitazama, akamtazama daktari, akairudia tena.

"Huyo simjui," akasema Daktari Gwak.

"Hujaulizwa, Daktari."

Jasho likamtoka shujaa. Kumbe diski ile haikuwa na sahani za kuzunguka. Siri zake zilikaa ndani ya chipu, na sumaku haikuwa na ubavu nazo. Mtu wa kawaida angekiri. Pyo akakohoa.

"Nilikuwa naipima nguvu," akasema. "Adui mkubwa hapigwi kwa silaha moja."

"Haya, piga ya pili basi," akasema Chun-ja. "Mwenzio anaangalia saa."

Akaibeba kwa mikono miwili hadi kwenye kinu cha kusaga vyuma, akabonyeza kitufe. Meno ya chuma yakaikamata, yakaitafuna, yakaitema vipande vidogo kuliko punje za mchele. Daktari akateka gao la chenga zile, akazichambua kwa kidole, asione pua wala kidevu. Ndipo akainama mpaka tai ikagusa vumbi.

"Bosi Pyo, ushindi huu usisimuliwe popote."

"Hapa siri ikiingia haitoki, Daktari."

Hivyo ndivyo ulivyopatikana ushindi mkuu kuliko wote uliopata kuonekana katika ua ule. Chun-ja naye, kwa kuiheshimu ahadi ya mumewe, alimhadithia mleta tambi peke yake, mtu msiri sana, ambaye mchana ule alikuwa na nyumba arobaini tu za kupitia.