Malalamiko Kuhusu Paka Aliyemgawia Panya Firigisi

Temeke,
Jumamosi, 19 Juni 1954

Kwa Bwana Mkubwa Mwangalizi wa Gari la Sinema,
Dar es Salaam.

Bwana Mkubwa,

Kwa heshima yote inayoipasa ofisi yako, na kwa moyo ulioumia, mimi Adelard, karani wa ghala, mzaliwa wa Bukoba na mkazi wa Temeke, naomba unisikilize hadi mwisho wa karatasi. Sina tabia ya kulalamika kwa Serikali. Mlipotaka tufunike mitungi ya maji, nilifunika. Mlipotaka vyoo virefu, nilichimba. Lakini sinema mliyotuletea wiki mbili zilizopita, pale uwanjani karibu na soko, imenifuata hadi nyumbani na sasa imekaa mezani pangu.

Naisema ile fupi ya picha za kuchorwa zinazotembea, isiyo na mtu hata mmoja ndani yake. Paka wa nyumba alimkuta panya jikoni, sote tukajua kitakachofuata, na watoto wengine wakafumba macho. Hakumla. Walitazamana, muziki ukabadilika, na kabla hatujaelewa wakawa wanaishi pamoja chini ya kabati na kula sahani moja. Karibu na mwisho kikabaki kipande kimoja tu, paka akakisukuma kwa pua, akampa panya. Kilikuwa kipande cha nini, hapo Temeke imegawanyika. Jirani yangu Fakihi, mchonga vinyago aliyetoka Lindi, anashikilia kuwa ni sabuni. Mke wangu Avelina alisema hakuna mwenye akili timamu anayempa mpenzi wake sabuni ale, ile ni firigisi. Tangu hapo sijapata raha, na sababu zake ni hizi.

1. Serikali ipatane na nafsi yake. Mwezi wa Machi gari hilohilo lilituonyesha kwamba panya ni adui na paka ni askari wetu. Leo panya amekuwa mchumba. Mimi nina paka mmoja nyumbani, na sijui nimpe maagizo yapi.

2. Yule bwana anayetutafsiria kwa kipaza sauti ana mazoea ya kumaliza kila sinema kwa kusema, "Mmeona wenyewe, basi nendeni mkafanye hivyo hivyo." Alipoyasema baada ya sinema ya vyoo, Bwana Afya alifika wiki ya pili na daftari lake. Alipoyasema baada ya ile ya mitungi, Bwana Afya alifika tena. Safari hii ameyasema baada ya paka na panya. Mimi naamini yalimtoka tu, maana alikuwa ameshaanza kukunja kitambaa cha sinema. Lakini watu wa hapa wanajua kwamba sinema hutangulia na mkaguzi hufuata, na mtaa mzima sasa unamngoja mkaguzi wa mapenzi.

Jumbe wetu alipoulizwa hakutaka aonekane hajui, akajibu kwamba agizo analo, liko kwenye faili. Basi Fakihi amechonga benchi la watu wawili, ameliweka mlangoni, na kila siku saa kumi hukaa hapo na mkewe Tunu, wote wawili macho barabarani. Tunu alimwambia mke wangu, "Mie kiuno chaniuma kwa kukaa, lakini afadhali hivi kuliko kuitwa barazani." Kuna na mwalimu mmoja, mtu mzima, mwenye koti, aliyeonekana mchana kweupe amebeba ndoo ya mkewe kutoka bombani. Alikuwa akitabasamu kila upande kwa kuwa hajui mkaguzi atatokea wapi.

3. Hili ndilo lenyewe. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Babu yangu aliila, baba yangu aliila, na mimi tangu nioe, miaka kumi na minne sasa, Jumapili kuku akichinjwa firigisi hunijia nzima juu ya wali, mezani, ambako hula peke yangu kama inavyonipasa. Avelina hula jikoni, uani. Watoto wetu, Genoveva na wadogo zake, wako shule ya bweni, kwa hiyo ni mimi huku na yeye kule, na ukuta katikati. Utaratibu huu haujamdhuru mtu yeyote ninayemjua.

Jumapili iliyofuata sinema nilifunua bakuli, nikakuta nusu. Sisemi nusu ya kuku, Bwana Mkubwa, nasema nusu ya firigisi, imekatwa kwa kisu kikali na kwa uangalifu mkubwa. Nilipouliza nusu ya pili iko wapi, Avelina alipiga goti kama alivyolelewa, akasema kwa adabu kwamba ameila, kwa kuwa mkaguzi akija kumuuliza ladha yake hatakuwa na jibu. Halafu akasema, "Kumbe ndiyo hii. Miaka yote mie naisafisha tu." Akacheka. Sikumbuki lini kabla ya siku ile nilimsikia akicheka ndani ya chumba nilichomo, nami nilishtuka.

4. Kesho yake alikuja na sahani yake, akaketi nami. Nilimkumbusha kwamba meza ile ina kiti kimoja. Alikuwa ameshakaa juu ya sanduku langu la nguo. Hapo ikaja fedheha nyingine, akaniuliza kazini kumekuwaje. Tangu niajiriwe hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo isipokuwa bwana mkubwa wa ghala, naye kwa matusi. Nilikusudia kumjibu kwa neno moja. Nikamweleza marobota ya katani yaliyonyeshewa mvua, nikamweleza mwenzangu anayelala nyuma ya marobota hayo, nikamwigizia na anavyokoroma, na nilipomaliza chakula kilikuwa kimepoa. Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Kwa siku kumi nimekula chakula baridi, na naomba hasara hiyo iandikwe.

5. Nawaonya kwa faida yenu wenyewe. Mke akishazoea firigisi atataka kiti chenye mgongo, na mimi nitahamia kwenye sanduku. Akipata kiti atatoa maoni. Mume aliyezoea kusikia maoni ya mkewe mezani ataona si ajabu naye kuwa na maoni yake ghalani. Karani mwenye maoni ataanza kujiuliza kwa nini mabwana wana klabu yao, mlango wao na chakula chao, na sisi tunakula uani nyuma ya ghala. Leo hii tunaona ni kawaida kwa sababu kila nyumba ina uani wake. Nyumba zikiacha, sijui Serikali itasimamia wapi.

Kwa hiyo juzi Alhamisi nilitoa amri kwamba mpaka nipate jibu la ofisi yako mambo yote yarudi kama zamani. Avelina hakubishana. Alisema, "Haya, Baba Genoveva," akafuta sanduku kwa kitambaa, akachukua sahani yake, akaenda jikoni.

Ninayoyaomba ni machache. Litolewe tangazo, lisomwe sokoni na Jumbe mwenyewe, kwamba mambo ya paka na panya si sheria. Ikiwa ni sheria, basi tusamehewe sisi makarani tulio na miaka zaidi ya kumi ndani ya ndoa, kwa maana tumekwisha kukomaa. Na gari lirudi Temeke na sinema ileile iliyotengenezwa upya, yenye mwisho unaofahamika, paka amle panya mbele ya watu wote, na wanawake wapewe nafasi ya mbele waone vizuri.

Nisalimie wote hapo ofisini, na dereva wa gari, na fundi wa mashine ya umeme, na hata bwana wa kipaza sauti, ingawa yeye namsalimu kwa shingo upande. Mke wangu naye angewasalimu, lakini yuko jikoni.

Ni mimi niliye mtiifu kwenu na mnyonge nyumbani kwangu,

Adelard, karani wa ghala

Nyongeza, Jumapili alasiri. Posta leo imefungwa, barua bado ninayo, na mimi si mtu wa kuificha Serikali jambo. Tulipotoka misa Avelina alipika kuku. Firigisi imekuja nzima juu ya wali, kama nilivyoamuru. Aliiweka, akapiga goti, akatoka. Nikabaki naitazama.

Inanibidi nikiri kwamba firigisi sijawahi kuipenda. Ni ngumu, inanasa kwenye jino langu la nyuma, na kwa miaka kumi na minne nimeimeza kwa sababu baba yangu aliimeza. Nilikuwa nasikia kijiko cha Avelina ng'ambo ya ukuta kikigusa sahani. Marobota yamekauka jana, na sikuwa na wa kumwambia. Nimesikia upweke, Bwana Mkubwa, mchana, nyumbani kwangu, nikiwa na firigisi nzima mbele yangu. Basi nikabeba sahani, nikabeba na kiti, nikaenda jikoni. Alisogea tu.

Kwa sababu hiyo naomba malalamiko yote yaliyo hapo juu yafutwe, isipokuwa lile la kwanza, maana panya bado wapo. Mkaguzi akija, aje Jumapili saa saba mchana, apitie mlango wa uani. Na kwa lile doa la mafuta pembeni mwa karatasi mniwie radhi, ni kidole cha Avelina. Hajui kusoma, alitaka nimwonyeshe palipoandikwa jina lake.