Nilivyompoteza Malkia Bukiriro

Ijumaa, 13 Juni

Ukweni, Bukiriro! Nimekuja kumchukua Adventina wangu, aliyekuja kusalimia wazazi. Kwangu Nemba chai imekosa utamu hata nikimwaga sukari yote. Amenipokea amevaa kile kitenge cha njano. Nilisahau salamu zote.

Balaa: mama mkwe ametuma neno kwamba maharage yako shambani na mikono haitoshi. Adventina abaki mpaka yapurwe. Nitakonda nife! Neno nimeletewa na baba mkwe, maana huku mkwe na mama mkwe hawatazamani. Akiingia, nasimama na kugeukia ukuta.

Shemeji Desderius, kaka yake Adventina, mdomo mrefu kuliko barabara ya Mbuba, akanipa njia. Nimshinde chesi, naye atamwombea dada yake ruhusa. Nikishindwa, nirudi peke yangu nikajipikie. Nilikubali kabla hajamaliza. Shuleni nilikuwa mchezaji wa pili kwa ubora. Kwamba klabu ilikuwa na watu watatu, hakuna aliyeniuliza.

Adventina ameuliza kama kuna mtu aliyemuuliza yeye anataka nini. Jamani, sauti yake akikasirika! Kama kinanda cha kanisani.

Jumamosi, 14 Juni

Siwezi kula. (Nimekula kidogo. Ndizi na nyama.)

Ubao wa Desderius ni wa zamani. Malkia wa upande wangu alishapotea zamani, mahali pake pamewekwa kifuniko cha soda chekundu. Askari wangu mmoja naye ni kifuniko, cha bluu. Nilicheza kama malaika. Nilipomla askofu wake, baba mkwe alifanya ishara ya msalaba, akasema katika nyumba hii hajawahi kuona kitu kama hicho. Adventina alicheka, nami nikamla wa pili ili acheke tena.

Kufikia mchana Desderius alibaki na mfalme, farasi na jasho. Mimi nilikuwa na malkia, na yule askari wa bluu hatua moja tu kabla ya kufika mwisho na kugeuka malkia mwingine. Malkia wawili! Desderius aliacha kuongea. Nilishaanza kupanga mabegi kichwani.

Mama mkwe akaingia.

Nikasimama, uso ukutani, nikasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akaanza kutafuta ungo. Alitafuta ungo ule kama anatafuta dhahabu! Desderius akasema, shemeji, zamu yako, au umeoa ukuta? Nami siwezi kudharauliwa mbele ya mke. Nikapeleka mkono nyuma, nikapapasa, nikashika kifuniko, nikakisukuma hatua moja mbele na kutangaza kwa sauti: malkia wa pili!



Nilikuwa nimemsukuma mwekundu. Mdomoni mwa farasi. Desderius akamla, akasema asante shemeji, alikuwa mtamu. Mama mkwe alipotoka na ungo nikageuka, na askari wangu wa bluu alikuwa bado pale pale. Nilichanganyikiwa, nikamsogeza mfalme wangu badala yake, na farasi akamla askari pia. Tulibaki na wafalme na farasi mmoja. Nikasema basi ni sare. Desderius akasema sare si ushindi, na makubaliano yalikuwa nimshinde. Baba mkwe akaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa nimechambua mechi yote. Hatua zangu zote zilikuwa safi isipokuwa mbili. Kwa hiyo si kosa la mchezaji. Ni kosa la ungo.

Nikapeleka rufaa kwa baba mkwe: nilikuwa natoa heshima, hatua ile isihesabiwe. Akasikiliza vizuri. Akasema, mkwe, heshima yako nimeiona. Na malkia wako nimemwona akiliwa.

Jumatatu, 16 Juni

Mpango mpya. Mgonjwa haachwi asafiri peke yake, lazima mke amsindikize. Nimelala nikiguna tangu asubuhi. Adventina amenishika paji la uso, mkono laini ajabu, akasema sina homa ila nina ujanja. Mama mkwe ametuma kikombe cha majani machungu na agizo kwamba ninywe chote. Desderius alisimama mlangoni kuhakikisha.

Nimepona.

Jumatano, 18 Juni

Sijui nianzie wapi! Mama mkwe amenihurumia. Ametuma neno kwamba maharage watasaidiwa na majirani, nimchukue mke wangu kesho asubuhi, tena na mkungu wa ndizi. Adventina alifunga begi akiimba. Aliimba! Nilitaka kulia.

Lakini nilimwona Desderius akitabasamu. Nikamwelewa. Maisha yote atasema nilipewa mke kwa huruma. Nikasimama mbele ya familia nzima, mama mkwe akisikia kutoka jikoni, nikasema hapana, sichukui, nitamshinda kwa haki. Kesho tunarudia mechi. Nikishindwa, Adventina abaki mpaka kahawa yote ichumwe na kukauka. Safari hii ungo utafungiwa stoo. Nimefikiria kila kitu.

Desderius alikuwa anapanga ubao hata sijamaliza sentensi.

Adventina amefungua begi, anazirudisha nguo kabatini moja moja, anazikunja vizuri kabisa.

Anavyoniamini!