Leseni ya Lionel Tattersall

Lionel Tattersall alikuwa amesimama kwenye foleni ya samaki na chipsi pale mjini Thornbeck, mfukoni ana sarafu za kipande kimoja tu cha samaki, aliposikia riziki yake ikilalamika mbele.

Riziki yenyewe iliitwa Norman Gledhill, mwenye yadi ya vyuma chakavu kule nyuma ya mfereji: mfupi, tumbo mbele, upara unang'aa. Alikuwa anamwambia muuza samaki, lakini duka zima lilisikia.

"Leseni inakwisha mwezi huu! Halmashauri wanataka fomu, wanataka cheti cha polisi, wanataka kuja kukagua. Wakague nini? Chuma ni chuma!"

"Kama yadi yako safi, unaogopa nini, Norman?" muuza samaki akamuuliza huku anamwagia chipsi siki.

Gledhill akaomba aongezewe chumvi. Na mtu anayeulizwa swali kama lile akakimbilia chumvi, ndugu yangu, huyo si mtu tena, ni mteja. Lionel alirudi nyumbani na njaa yake akakesha usiku kucha anachora nembo.

Asubuhi gari la kijani aina ya Rover, kuukuu lakini limeng'arishwa, likasimama kwa Gledhill. Akashuka Bwana Farnley, Mkuu wa Leseni wa Halmashauri: suti ya kijivu, jalada kwapani, kalamu mbili kifuani. Kalamu moja ni karani, mbili ni mkuu. Lionel aliyajua hayo, ndiyo maana alijichomekea mbili. Akaizunguka yadi huku ameikunjia pua, akataja makosa tisa, kisha akashusha sauti.

"Upo utaratibu wa haraka, Bwana Gledhill. Ila hautangazwi."

Hautangazwi! Gledhill alilipenda neno hilo hadi masikio yakamwiva. Hakuuliza risiti. Kufika saa sita alikuwa na leseni ya miaka mitatu, yenye nembo, muhuri na saini iliyojikunja mara nne, na Lionel alikuwa na pauni mia sita ndani ya soksi.

Alikuwa na tiketi ya ndege ya Ijumaa ya kwenda Hispania, ya kwenda tu, ya kurudi hakuihitaji. Huko kuna jua, kuna mvinyo, na hakuna hakimu hata mmoja anayemjua kwa sura. Lakini mia sita zingemfikisha tu, zisingemkalisha. Leo Jumatano. Yadi moja zaidi, basi, kwaheri mvua ya Yorkshire.

Yadi hiyo ilikuwa ya Bi Doreen Hepworth, mjane wa miaka sabini na moja, anayeendesha kreni mwenyewe na kumwita kila mtu mwanangu, hata mtoza kodi. Akampokea kwa mikono miwili, akamkalisha ofisini kwenye kiti kinachotazama dirisha, akamwekea chai ya maziwa na mkate wa nyama ya nguruwe.

"Leseni yako imekaribia kuisha, mama," Lionel akaanza kwa huzuni ya kiserikali. "Ukipanga foleni ni miezi minne. Na miezi yote hiyo geti lina kufuli."

"Wee! Nitakula nini mimi, hizi nati?" Bi Doreen akashika shavu. "Na huo utaratibu wa haraka ni bei gani, mwanangu?"

Lionel hakukumbuka kama alikuwa ameshautaja utaratibu wa haraka. Lakini mkate ulikuwa mtamu, hakulichunguza jambo hilo.

"Mia nane, kwa sababu ni wewe."

"Mia nane si neno. Neno ni noti. Sheria si imetukataza kununua chuma kwa noti? Siku hizi ni benki kwa benki, humu ndani sina hata noti ya kununulia maziwa. Nikulipe benki?"

Lionel akakohoa. Bwana Farnley hakuwa na akaunti benki. Hakuwa hata na cheti cha kuzaliwa.

"Basi chukua mali, mwanangu. Mimi mtu mzima, sitaki maneno na halmashauri." Akamtoa nje, akafunua turubai. Fimbo mia moja, ndefu mkono mzima, zinang'aa wekundu wa shaba. "Hapo ukiuza hukosi elfu moja na mia mbili."

Elfu moja na mia mbili! Lionel alimwonea huruma yule bibi kwa muda wa sekunde mbili hivi, akafungua milango ya nyuma.

Fimbo zikapakiwa mpaka Rover likachutama. Bi Doreen akaja dirishani. "Usitoke hivyo hivyo! Ukikutwa na shaba yote hii, huna leseni ya mkusanya vyuma chakavu kwenye kioo cha gari, polisi watakulaza ndani. Na jina wanalilinganisha na leseni yako ya udereva. Nyie wakubwa fomu mnazo, si mnazo?"

"Tunazo, mama. Tunazo."

Alikata kona mbili, akaegesha, akatoa fomu tupu. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja Lionel Tattersall akaandika jina lake halisi kwenye karatasi ya uongo. Akaigonga muhuri, akaibandika kiooni, akalitazama jina lake. Lilipendeza.

Kuuza wapi? Kwa Gledhill, wapi tena? Gledhill hulipa noti chini ya meza, na mtu uliyemuuzia leseni ya bandia hana mdomo wa kukuuliza yako.

Gledhill alimlaki getini, ila uso umempauka. Ofisini alikuwamo mwanamke kijana mwenye ushungi wa bluu, anakunywa chai taratibu.

"Shaba hii, Bwana Gledhill. Mali iliyokamatwa na halmashauri," Lionel akasema kwa haraka.

Gledhill akavuta kamba shingoni. Wenye yadi wote huvaa sumaku, na hilo Lionel hakulijua, maana maisha yake yote alishughulika na watu, hakuwahi kushughulika na chuma. Sumaku ikaruka, ta! Ikang'ang'ania.

"Shaba haishiki sumaku," Gledhill akasema. "Hizi fimbo za ethi ya umeme, za kuzika ardhini. Ndani chuma, juu wamepaka shaba kama siagi ya maskini. Zote nakupa pauni ishirini na nane. Benki."

Mwanamke akatoka na kikombe chake, akainama kwenye kioo cha gari, akasoma.

"Mimi Nasreen Mirza. Imesainiwa na Farnley, Mkuu wa Leseni. Ajabu! Ofisi ya leseni ni mimi na kompyuta yangu, tena mbovu. Huyu mkuu wangu anakaa wapi?"

Lakini Lionel hakuwa mtoto wa jana. "Dada yangu, nimetapeliwa!" akalia, na machozi yakaja bila kuitwa. "Kuna mtu kaniuzia!"

"Pole sana. Yukoje?"

Lionel akatafuta sura harakaharaka, akachukua iliyokuwa karibu. "Mfupi. Ana kitambi. Upara unang'aa."

"Mimi?" Gledhill akaruka. "Mwizi mkubwa we! Si wewe uliyeniuzia yangu kwa mia sita?" Halafu akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, na sumaku ikamgonga jino.

"Msigombane," Nasreen akasema. "Hayo nilikuwa nayajua kabla sijapewa chai. Bi Doreen alinipigia simu, akanitajia Rover la kijani na linakoelekea, maana hapa mjini anayenunua kwa noti ni mmoja tu. Anasema ulikaa nusu saa, umeipa mgongo leseni yake mpya ya miaka mitatu, aliyoipata mwaka huu. Sheria inataka itundikwe ukutani watu waione. Afisa wa kweli akiingia, hata salamu hajatoa, ameshaangalia ukuta."

Akawafungulia mlango wa ofisi, akamvutia Lionel kiti, akatoa daftari. "Polisi wako njiani. Tuandike kidogo wakati tunasubiri. Jina nishalipata kiooni."

Lionel akakaa. Na safari hii, jamani, akaangalia ukuta. Mbele yake, juu ya birika la chai, ilining'inia kazi ya mikono yake: leseni ya Gledhill, ndani ya fremu ya dhahabu, imefutwa vumbi.

"Hiyo fremu," Gledhill akanong'ona kwa uchungu, "nimeinunua pauni arobaini."