Bastola Isiyoonekana

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Miaka sita natafsiri mahakamani Durban. Naitwa kesi ikiwapo, narudishwa nyumbani ikiahirishwa. Sasa nafasi ya kudumu imefunguliwa: mkalimani mmoja wa Kiswahili. Mama Dludla, mkuu wa wakalimani, atachagua Ijumaa. Tuko wawili. Mimi, Athanase, mzaliwa wa Uvira, na Kemunto, Mkenya mwenye digrii. Huyo hata akikohoa anakohoa kwa sarufi.

Leo mlangoni nimeona siri ya vyeo. Hakimu alifungua koti, akakabidhi bastola yake. Ikafungiwa kwenye sefu, akapewa kibati chenye namba. Mwendesha mashtaka vilevile. Hata karani mmoja! Walinzi wakawapigia saluti. Mimi na Kemunto tulimwaga funguo na simu kwenye beseni kama abiria wa ndege.

Naomba leseni.

Jumanne, 5 Agosti

Kituo cha polisi, saa mbili na nusu asubuhi. Afisa wa silaha, mama mpole. Alisema kufanya kazi mahakamani hakumpi mtu leseni. Hata hakimu hupanga foleni. Kwanza mafunzo na mtihani, kisha cheti, kisha maombi, alama za vidole na sababu. Akauliza ni nani anayenitishia. Nikamtaja Kemunto. Akauliza ananitishia kwa kitu gani hasa. Nikasema kwa ngeli. Akafunga faili.

Miezi, alisema. Mimi nina siku tatu!

Lakini sikutoka mikono mitupu. Sheria inataka bastola ikae kwenye mkoba wake na ifunikwe kabisa, mtu asiione. Nimeliwaza hilo nikitembea hadi mtaani kwetu South Beach. Kama haipaswi kuonekana, nani atajua kuwa haipo?

Jumatano, 6 Agosti

Nimenunua mkoba wa bastola, mtumba, ngozi ya kahawia, wa kufunga kwapani. Nikaujaribu chini ya koti. Laurette, mke wangu, akachungulia kutoka jikoni, akauliza kama lile jipu limerudi. Nikamweleza mpango. Akasema asiye na ng'ombe hanunui kamba. Nikamwambia yeye ni msusi, mambo ya sheria aniachie.

Sikupakuliwa samaki.

Alhamisi, 7 Agosti

Msiba.

Mashine ya mlangoni ililia kwa sababu ya bizimu ya mkoba chini ya koti langu. Mlinzi Ngidi akanipapasa, akakuta mkoba mtupu. Akauliza bastola iko wapi. Nikasema sina. Kwake hesabu ilikuwa rahisi: mkoba uko mlangoni, basi bastola imeshapitishwa ndani. Akabonyeza kengele.

Jengo zima likatolewa barabarani. Mahakimu sita na majoho yao kwenye upepo. Mshtakiwa wa wizi wa nyaya alinipungia mkono. Mbwa akaletwa.

Mimi nikaketishwa chumbani mbele ya polisi wawili, Mama Dludla akishuhudia. Najua haki zangu. Nikadai mkalimani, nikitumaini kumtafuta kutachukua siku nzima. Nilisahau kwamba orodha ina watu wawili, na mmoja ni mimi.

Akaingia Kemunto.

Kanuni ya kazi yetu: mkalimani hasemi "yeye anasema". Anasema "mimi", na haachi neno. Nikanung'unika, chini kwa chini kabisa, kwamba heri mbwa ndiye angetafsiri. Kemunto akawageukia polisi, akawaambia kwa Kiingereza safi, bila kupepesa jicho, kwamba heri mbwa ndiye angetafsiri.

Wakauliza mkoba ulikuwa wa nini. Nikasema kweli, maana mbwa alikuwa ameshanusa ghorofa zote bila kupata kitu.

"Mimi sijawahi kushika bastola," Kemunto akawaeleza. "Nilitaka tu Mama Dludla anione mtu wa maana."

Mama Dludla akageukia dirishani. Mabega yakamtikisika.

Nikamkatiza. Sikusema mtu wa maana, nilisema mtu mzito! Kemunto akaitafsiri hiyo nayo.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama Dludla amepiga simu. Nafasi ni ya Kemunto. Mama anasema hajasikia tafsiri kamili kama ya jana katika miaka ishirini. Polisi wamenipa onyo tu, ila mkoba wamebaki nao. Nitaitwa Kemunto akiwa likizo.

Laurette alisikia yote, akaendelea kukunja nguo.

"Baba Prodige," akasema, "ile kazi umemupatia weye mwenyewe."

Nikasema ni suala la mtazamo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetafakari kanisani, hasa wakati wa mahubiri. Kosa nimeliona: silaha. Mtu mzito hahitaji kutisha, anahitaji kuonekana anawindwa. Kemunto anakwenda likizo Septemba, na muuzaji yule yule wa mkoba ana fulana ya kuzuia risasi. Ni kubwa kidogo, na ina tundu moja mgongoni, lakini mgongo nitauelekeza ukutani.

Leseni haihitajiki. Safari hii nimeisoma sheria yenyewe, hadi ukurasa wa tatu.