Bi Mkubwa Hakaguliwi

Jumatatu, 14 Julai

Nimeapa. Jumamosi hii mwanangu Imani ataingia Njinjo kwa mumewe akiwa ndani ya gari la baba yake. Hataingia na gari la jirani yetu Sixbert. Nimeapa mbele ya wakwe, mbele ya watu wa msikitini, na mbele ya wauza samaki wote wa Kivinje. Kiapo changu mimi Kondo hakirudi nyuma.

Hata hivyo leo mchana limezuka jambo. Gari la matangazo limepita mtaani na kipaza sauti. Kuanzia kesho ukaguzi wa magari ni mkali, kituo kiko njia panda ya Nangurukuru. Watapima breki, tairi, taa na moshi. Gari likifaulu linabandikwa stika. Likishindwa halipiti, na likilazimisha linang'olewa namba. Mtangazaji alipofika mbele ya nyumba yangu akapunguza mwendo, akarudia neno "bovu" mara mbili. Nina hakika Sixbert ndiye aliyemtuma.

Gari langu si bovu. Ni Landrova niliyoinunua kwa ufuta wangu wa kwanza, kabla sijaoa. Mke wangu Hamida humwita Bi Mkubwa kwa sababu alimkuta nyumbani, na anasema tangu siku hiyo yeye hajapata zamu yake. Bi Mkubwa ni mzima. Anatoa moshi, ndiyo, lakini nani asiyepumua? Breki anazo, ila zinataka kubembelezwa. Unakanyaga mara tatu, unataja jina la Mungu, unaruka chini na jiwe, unaliweka mbele ya tairi. Dereva mwenye akili haoni tabu.

Fundi amesema paipu ya breki imeoza na mpya itatoka Dar wiki ijayo. Imani akasema kwa upole kwamba si vibaya kusubiri, yeye Jumamosi atapanda gari lolote. Lolote! Mtoto ana haya, hataki kunisumbua. Imenigusa sana. Nitaipata stika.

Jumanne, 15 Julai

Tatizo ni moshi. Kwa hiyo dawa ni kuuchuja. Nimeokota makumbi ya nazi, nikayalowesha, nikayasokomeza ndani ya ekzosi kwa mpini wa jembe. Nikajaribu. Hakuna moshi hata chembe! Hata muungurumo umekuwa wa kistaarabu. Nikashangaa kwa nini Wajapani hawajaligundua hili.

Foleni Nangurukuru. Mbele yangu nani? Sixbert, na Noah yake nyeupe anayoifuta kwa kitambaa kila anapopata nafasi. Aliniamkia shikamoo kwa sauti kubwa ili foleni nzima ijue nimezeeka. Tumepishana miaka mitatu. Nikaitikia marahaba, ningefanya nini. Gari lake likafaulu kila kitu. Akapewa stika, akaibandika polepole, akarudi nyuma kuitazama kama imenyooka, akainyoosha tena.

Zamu yangu. Mkaguzi ni Koplo Gregori, mtu mnene, mpole, ametokea Songea. Akaniambia nikanyage mafuta. Nikakanyaga. Moshi hakuna. Akaniambia nikanyage zaidi. Nikaona anapendezwa, nikakanyaga mpaka chini.

Makumbi yalitoka kwa mpigo mmoja. Yalipita juu ya kichwa cha koplo, yakatua ndani ya beseni la Rosalia, mama wa Kimakonde anayeuza mihogo ya kukaanga hapo njia panda. Moshi wa asubuhi nzima ukayafuata. Tulipoanza kuonana tena, Rosalia alikuwa analia. Analia vizuri sana yule mama, sauti inapanda na kushuka, mkono kichwani. Abiria waliteremka kwenye basi kuja kumpa pole.

Koplo hakufika hata kwenye breki. Alisema nirudi nikiwa na gari.

Jumatano, 16 Julai

Masizi hayatoki masikioni.

Sixbert amepita nyumbani. Amemwambia Hamida kwamba gari lake liko tayari Jumamosi, bure, kwa heshima ya ujirani. Hamida akamshukuru. Akamshukuru! Nimesusa chakula cha mchana. Jioni nimekula vyote viwili.

Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi mimi si mshindani.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepata!

Nilikosea tangu mwanzo kutaka stika. Ninachotaka ni kuvuka njia panda tu. Ng'ambo ya pale hakuna askari mpaka Njinjo. Bi Mkubwa akivuka kesho, atalala kwa binamu yangu kijiji cha kwanza. Jumamosi Imani atakuja hadi hapo kwa bajaji, atahamia kwenye gari la baba yake, na Njinjo nzima itaona anavyoingia. Hakuna atakayeuliza alianza safari na nini.

Kuvuka vipi? Kwa maiti. Nani atausimamisha msiba? Na hata ukisimamishwa, nimeshauliza: Koplo Gregori ni Mngoni. Mimi ni Mngindo. Tuna utani tangu enzi za mababu. Mtani hawezi kumkamata mtani wake akiwa amefiwa. Kweli Mungu hamtupi mja wake.

Maiti atakuwa godoro la Imani, ambalo lazima litangulie Njinjo kwa vyovyote. Nimelikunja, nimelifunga shuka nyeupe, nimelifunika kanga. Ni nene kidogo kwa mtu aliyeugua, lakini marehemu hapimwi. Hamida amesema hashiriki, na kwamba godoro likipata vumbi atanifunga mimi hiyo shuka. Nikaenda kwa Rosalia. Nimemwomba radhi kwa ile mihogo, kisha nikamwomba alie kesho. Amekubali papo hapo, kwa sharti apate nafasi harusini. Aliuliza alie kiasi gani. Nikamwambia kama Jumanne.

Ijumaa, 18 Julai

Nieleze kwa utaratibu.

Tulitoka Kivinje asubuhi, majani mabichi mbele ya gari, Rosalia nyuma na marehemu. Alianza kulia mapema mno, na alilia kwa ufundi mpaka mimi mwenyewe nikapata uchungu. Watu barabarani walivua kofia. Njia panda nikambembeleza Bi Mkubwa, akasimama karibu kabisa na kituo. Koplo Gregori naye akavua kofia. Akasogea dirishani, akanipa pole, akauliza nani ametutoka. Nikasema mjomba wangu. Wakati huohuo Rosalia alikuwa analia mama yangu, mama yangu. Nikaeleza kwamba mjomba alimlea kama mama.

Ndipo nikatoa silaha yangu. Nikamwambia sisi ni Wangindo, tunamrudisha mtu wetu Njinjo.

Uso wake uling'aa. Akasema yeye ni Mngoni. Akampa mwenzake kofia, akalala chali barabarani mbele ya tairi za Bi Mkubwa.

Nilikuwa nimesahau. Nimezika watu wangapi katika maisha yangu, na nikasahau! Mtani msibani hakai kando akasikitika. Kazi yake ni kuudhi. Anazuia maiti, anaingia kaburini, anamsema marehemu, mpaka wafiwa wacheke na kumpa chake. Babu yangu alizikwa jua linazama kwa sababu ya Wangoni. Koplo alikuwa anatimiza wajibu wake kwa moyo mmoja. Akatangaza kutoka pale chini kwamba Mngindo huyu hapiti bila jogoo, na kwamba anajua amekufa kwa kuvimbiwa ugali wa Wangoni.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Pale pana mteremko kidogo, mguu wangu ulikuwa juu ya breki, na jiwe langu lilikuwa bado sakafuni.

Nilikuwa nimeshakanyaga mara tatu. Nikakanyaga ya nne. Bi Mkubwa akaanza kwenda. Polepole, kama kawaida yake, lakini alikuwa anakwenda, na mbele yake alilala mtu. Nikamwambia koplo aondoke. Akajibu kwamba anasubiri jogoo. Nikamsihi kwa jina la Mungu aondoke. Akasema sasa majogoo wawili. Nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Koplo akafumba macho, ametulia, anadhani ni uchungu wa msiba.

Rosalia ndiye aliyeelewa. Aliacha kulia katikati ya neno. Akamkamata marehemu kwa shuka, akamtupa chini, akaruka nyuma yake, akamsukumiza chini ya tairi. Bi Mkubwa akampanda mjomba mpaka nusu, akasimama.

Mwanamke mmoja kwenye basi lililokuwa foleni alizimia. Shuka ikapasuka, sponji ikatoka.

Koplo akafumbua macho. Bampa ilikuwa juu ya pua yake. Na kwa kuwa alikuwa amelala chali chini ya gari, alikuwa amekaa mahali ambapo hakuna mkaguzi aliyewahi kukaa. Aliiona ile paipu ya breki niliyoifunga kwa kipande cha tyubu. Aliigusa kwa kidole tu. Ikabaki mkononi mwake.

Hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angepandisha. Alikaa kitako barabarani, ameshika kile kipande, akaniuliza nilikuwa nataka kumpakia nani kwenye gari hili. Nikasema mwanangu, bibi harusi. Kisha, aking'oa namba zote mbili kwa mikono yake mwenyewe, aliniambia kwamba deni la jogoo amenisamehe kwa utani, lakini hili jingine halina utani. Bi Mkubwa akasukumwa nyuma ya kituo. Mimi na Rosalia tulirudi kwa miguu, tumelibeba godoro, na njia nzima watu walitupa pole.

Jumamosi, 19 Julai

Imani ameondoka na gari la Sixbert.

Nilikuwa nimeamua kubaki. Nilijilaza, nikasema mgongo unauma. Imani akaja na nguo zake za harusi, hina mpaka viwikoni, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema yeye hakutaka gari, alitaka baba. Kama siendi, naye haendi, wakwe wenyewe wafunge safari waje kumchukua. Nikalia. Nilimshinda Rosalia. Nikaamka, nikavaa kanzu.

Nilipewa kiti cha nyuma kabisa, kati ya masufuria na godoro, ambalo sasa lina alama ya tairi katikati. Hamida hajasema neno lolote kuhusu godoro, na hilo linanitisha. Rosalia alikaa mbele yangu, amevaa vizuri, anapiga vigelegele. Njia panda Koplo Gregori alitazama stika ya Sixbert, akampa Imani pongezi, akanipungia mkono na kuniita mtani. Nyuma ya kituo nilimwona Bi Mkubwa bila namba. Nikageuza uso.

Mbele ya kituo kuna mteremko mrefu wa kushuka bondeni. Tulipofika katikati, ng'ombe wakatokea, kundi zima la wafugaji, wameijaza barabara. Sixbert akakanyaga breki mara moja. Mara moja tu. Gari likasimama. Mimi huku nyuma mguu wangu ulikuwa umeshakanyaga sakafu mara tatu, na mkono ulikuwa unapapasa kutafuta jiwe. Imani akageuka akanitazama. Sikuweza kumtazama. Niliwaza mambo ambayo sitaki kuyaandika hapa.

Tulisubiri mpaka ng'ombe wakapita wote. Ni wanyama watulivu sana.

Njinjo walitupokea kwa ngoma. Harusi ilikuwa nzuri. Wakwe waliisifia sana Noah, na Sixbert akasema si kitu, akaifuta.

Jumapili, 20 Julai

Siku ya kutafakari. Nimekaa barazani tangu asubuhi na nimekiri kwamba nilikosea. Nilikosea sana, ningeweza kumpoteza mwanangu, na kosa langu sasa nalijua. Kosa lilikuwa injini.

Moshi unatoka wapi? Kwenye injini. Namba na stika zinadaiwa kwa sababu ya nini? Injini. Jana pale kwenye mteremko jibu lilipita mbele ya macho yangu, tena kundi zima, nami kwa uchungu wa kumwoza mwana nikalikosa. Mkokoteni wa ng'ombe haukaguliwi na mtu! Namtoa Bi Mkubwa injini, namfunga ng'ombe wanne, naye anarudi barabarani na heshima zake zote. Nimeshazungumza na mfugaji mmoja kwa simu. Alicheka mwanzoni, lakini hakukataa. Ijumaa tunakwenda Njinjo kumtazama Imani, na pale njia panda nitampita Koplo Gregori taratibu, nikimsalimia.

Sixbert abaki na breki zake.

Hamida ameuliza kwenye ule mteremko gari zito namna ile litasimama vipi. Ni swali la mtu asiyejua kuendesha. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, ng'ombe watakuwa mbele.